Leo Ngome Imefungwa

Watu wa nyumba ile wakimtaja Fundi siku hizi, wananitazama mimi kwanza. Nawaacha watazame. Mimi ndiye niliyemfukuza, na kwa kuwa hakuna mwingine atakayemwandika, nitamwandika mimi.

Jina lake nalijua. Nililiona kila mara aliponiletea karatasi yake ya ukimbizi nimsomee tarehe ya kwenda kuiongezea muda. Lakini hakuna aliyelitumia. Hata yeye akigonga mlango alisema, "Ni Fundi." Kazaliwa kijiji gani, baba yake nani, sikuwahi kumuuliza. Mtu wa Bukavu, mshonaji, mzee kidogo. Hayo yalinitosha, na leo naona nilitosheka haraka mno.

Nilihamia La Rochelle, mtaa mmoja wa mji huu wa migodi ya dhahabu, mwaka 2015, binti yangu Aisha ana miaka miwili na baba yake ameshakwenda Cape Town kutafuta kazi ambayo mpaka leo anaitafuta. Nyumba ilikuwa ya zamani, imekatwa vyumba kwa mbao, kila chumba na familia yake. Fundi alikaa chumba cha uani, chenye dirisha kubwa kuliko vyote, kwa sababu mashine yake ilitaka mwanga. Ilikuwa mashine ya miguu, nyeusi. Alipokuwa akifanya kazi aliweka nusu ya wembe pembeni mwa mdomo, upande mmoja umezungushiwa kitambaa, akiongea nao humohumo mdomoni. Wembe huo ndio alioutumia kufumulia mishono. Watoto walimwogopa siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wamejaa mlangoni kwake.

Nataka niseme kwanza jambo la vitambaa, kwa sababu ndilo lililonikera mapema.

Mimi nauza vitambaa. Nipo kwenye duka la Msomali mmoja kule Mayfair tangu nilipofika mji huu, na kitambaa ukinipa gizani nitakwambia ni nini. Kwa hiyo nilipopata mabaki ya tetroni dukani, kile kitambaa cha nyuzi za kiwandani, mita mbili nzuri za bluu, nilimletea Fundi amshonee Aisha sinafo, gauni lisilo na mikono la shule ya watoto. Alikishika, akakikunja, akanirudishia.

"Kwa watoto nashona pamba."

"Pamba inapauka, Fundi. Mwezi wa tatu tu imechakaa."

"Iache ichakae. Hii haikufi."

"Ndiyo uzuri wake."

"Njo ubaya wake," alisema, akarudisha wembe mdomoni.

Nikamwona mjanja. Nikajua anataka wateja warudi kila muhula. Na kweli nguo zake za watoto hazikudumu. Lakini huyohuyo, ukimpeleka koti la mwanaume la kupunguza, alilipunguza hivi kwamba hata mimi nisingeona mshono mpya uko wapi. Watu walitoka mpaka Sandton kumletea suti, Wakenya wa mabenki, wanaegesha magari mazuri mbele ya geti letu bovu na kusubiri. Mtu mwenye mkono ule alikuwa anaachia nguo za watoto ziraruke, tena kwa makusudi. Sikuelewa. Nilimsema mbele za watu zaidi ya mara moja.

Jambo la pili ni ule mji wake.

Fundi alikuwa na bati la biskuti lililojaa karatasi za watalii, zile wanazogawa bure kwa wageni, na ukutani juu ya mashine alikuwa na ramani. Mji wenyewe uko Ayalandi, mji mdogo wa soko kando ya mto. Jina lake limeandikwa juu ya ramani lakini yeye hakulitamka, alisema "kule" tu. Kule kuna ngome ya mabwana wa zamani. Kuna mnara wa mawe wa mviringo karibu na kanisa lililobomoka. Kuna daraja la matao saba, kuna jumba ambamo maskini waliwekwa wakati wa njaa, na nje ya mji kuna kisima wanachokiita kitakatifu. Vyote vimechorwa vidogovidogo, na mistari ya nukta inayoonyesha wapi mgeni apite.

Kila Jumamosi mchana Fundi aliwatembeza watoto wa nyumba mji ule, ndani ya uwanja wetu.

Walianzia getini. Hapo palikuwa ofisi ya watalii. Kila mtoto alipewa karatasi moja kutoka kwenye bati, na alipaswa kuirudisha haijakunjwa. Kisha ngazi saba za saruji za kushukia uani, hizo zilikuwa daraja. Tangi la maji la plastiki lilikuwa mnara.

"Mlango wa mnara uko juu," aliwaambia, akionyesha katikati ya tangi, "kwa sababu watawa waliogopa wezi. Wezi wakija, watawa wanapanda, wanavuta ngazi ndani."

Watoto wa nyumba ile Kiswahili walikielewa, lakini walijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mmoja akauliza kwa Kiingereza chake, walikwendaje chooni.

"Walingoja wezi wachoke," alisema Fundi.

Ushoroba wa vyumba ulikuwa jumba la maskini. Alishusha sauti hapo. Aliwaambia viazi vilioza ardhini, watu wakaja kuomba kuingia, na walipoingia waligawanywa, baba huku, mama kule, watoto upande wao, wasionane. Mama Grâce, Mrundi anayesuka nywele chumba cha pili, alitoa kichwa nje na kitana mkononi.

"Fundi, usinijazie wafu mlangoni, nina wateja."

"Hawa ni wageni tu, Mama Grâce. Wanapita."

Kisha waliteremka mpaka gereji ya mwenye nyumba, ambayo ina kufuli kubwa na hakuna mpangaji aliyewahi kuona ndani yake. Hiyo ndiyo ilikuwa ngome. Fundi alieleza kuta zake unene gani, bwana yupi aliizingira, mwingine akaichoma. Aliijua kwa nje jiwe kwa jiwe. Mtoto akiuliza ndani kuna nini, jibu lilikuwa lilelile.

"Leo ngome imefungwa."

Kila Jumamosi imefungwa. Watoto walifika mahali wakawa wanasema pamoja naye, kama wimbo. Binti yangu neno ngome alilijua kabla ya neno jiko. Nilikasirika pia kwa hilo. Nilimwambia Fundi, huyu ni mtoto wa Kigoma, mfundishe basi walau ziwa. Akasema, "Ziwa utamufundisha weye. Miye nafundisha ile nimetembea kwa miguu."

Siku nyingine nilimuuliza kama kweli aliishi huko au anatudanganya. Nilikuwa nafua, yeye anachota maji.

"Miaka mitatu," alisema.

"Ukifanya kazi gani?"

"Kutazama."

Akanieleza, kwa maneno machache, kwamba waliwekwa katika hoteli ya zamani nje ya mji, pamoja na watu wengine waliokuwa wanasubiri kujibiwa kama watapewa hifadhi. Chakula walipewa, kitanda walipewa, kazi walikatazwa. Miaka mitatu mtu wa sindano hakushona nguo ya mteja hata moja. Kwa hiyo walikuwa wanatoka asubuhi na kutembea, kutazama vile vya kutazamwa bure. "Tulivijua vyote kuliko wenye mji," alisema. "Wenye mji wako na kazi." Walijibiwa nini, na huku alifikaje, sikumuuliza.

Nikacheka, nikamuuliza, kumbe ndiyo maana ngome imefungwa, wanatoza kiingilio?

Akacheka pia. Hakubisha.

Alisema "tulikuwa tunatoka", "tulivijua". Alisema hivyo mara zote, na mimi niliyekuwa namsikia sikuwahi kuuliza yeye na nani.

Na dalili zilikuwepo. Alipofika mwisho wa zile ngazi saba, kwenye daraja lake, alisimama. Aligeuka nyuma kuelekea getini, mkono wa kushoto ameutoa kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake ashike. Alihesabu pumzi kadhaa, kisha akasema, "Haya, tuendelee." Aisha alimuuliza siku moja, kwa Kiswahili, "Fundi, tunamsubiri nani?"

"Anayetembea polepole."

Watoto wakajifunza kusubiri naye. Ukitoka chumbani Jumamosi ungewaona, watoto sita na mzee mrefu, wamesimama chini ya ngazi, wanatazama geti ambalo hakuna mtu. Mama Grâce hakupenda. Alisema mtu anayesubiriwa namna ile ipo siku atafika.

Na pale bombani, chini ya mpichi wa mwenye nyumba, ndipo palikuwa kisima. Hapo Fundi hakueleza chochote. "Hapa ni kisima," alisema, na alikuwa ameshapita.

Sasa nifike kwenye pumu.

Binti yangu alianza kubanwa kifua akiwa na miaka mitatu. Mtaa wetu uko karibu na milima ya mchanga iliyotoka migodini, na mwezi wa nane upepo unaubeba mchanga huo na kuumwaga ndani ya nyumba. Unafuta meza, unageuka, imekuwa ya njano tena. Chumba chetu kilikuwa na unyevu pia, ukuta mmoja ulikuwa na ukungu niliousugua mpaka rangi ikatoka. Kliniki walinipa pampu ya bluu, wakaniambia nimpulizie akibanwa. Nilimpulizia. Nilirudi naye kila mwezi kuwekwa kwenye mashine ya mvuke.

Mchana nilikuwa kazini, na aliyekaa naye baada ya shule ni Fundi. Hakunitoza kitu. Akibanwa, Fundi alimpulizia kama nilivyomwonyesha, akamkalisha kwenye kigoda karibu na mashine, akakanyaga ile mashine polepole bila kitambaa. "Pumua nayo," alimwambia. "Ikienda, vuta. Ikirudi, toa." Nilirudi mara moja nikawakuta hivyo, mashine inazunguka haishoni kitu, midomo ya mwanangu inarudi rangi. Nilisimama mlangoni mpaka alipomaliza. Hilo pia nililijua siku ile niliyompigia kelele na kumfukuza. Sikulisahau. Nililiweka pembeni.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2017. Wiki ile Aisha alibanwa mara tatu, mara ya tatu tukalazwa siku mbili. Tuliporudi nikaanza kufua nguo zake. Nikachukua gauni la njano, lile la pamba ambalo Fundi mwenyewe alimshonea, nikaligeuza, nikaona.

Ndani ya pindo, kwa chini, kulikuwa kumekatwa kipande. Upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja. Kwa mkasi, sawasawa, si kuraruka. Kisha pindo limerudishiwa kwa mshono mdogo ili mtu asijue. Lakini mimi nauza vitambaa.

Nilikwenda kwa Mama Grâce nikamwonyesha. Hakukigusa. Alisema taratibu, "Mama Aisha, kitambaa cha mwili wa mtoto kinachukuliwa kwa kazi gani? Kwetu tunaijua hiyo kazi. Hata kwenu mnaijua."

Tunaijua. Nisiseme hatuijui.

Nikatoka uwanjani na gauni mkononi, nikamwita kwa sauti ya getini, sauti ya kusikika barabarani. Fundi akatoka na wembe mdomoni.

"Nani kakata nguo ya mwanangu?"

Akautoa wembe. "Ni miye."

Kama angekana, labda ningeingiwa na shaka. Hakukana.

"Kipande kiko wapi?"

"Kimeenda."

"Kimeenda wapi, Fundi?"

"Kule. Kwenye kisima. Nilimupatia ule Mukenya wa suti, anasafiri kwa kazi, akifungie pale. Kuko mti, Mama Aisha, watu wanafunga vitambaa vya wagonjwa."

Wapangaji walikuwa wametoka wote. Mlango kwa mlango ulifunguka. Nilimwambia arudie, wasikie. Akarudia, akifikiri kurudia kutasaidia. Kila alivyoeleza ndivyo alivyojizika. Mti, maji, vitambaa vya wagonjwa, nguo ya mtoto iliyokatwa kwa siri. Mwishowe alinisogelea, mikono mbele, akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa habari njema:

"Usiogope. Sikukitia pindo. Ni pamba tupu. Kitaoza vizuri."

Kitu cha mwanangu, mwanangu aliyetoka hospitali jana, na huyu ananiambia kitaoza vizuri.

Sikumbuki nililosema. Mama Grâce anakumbuka, lakini nimemkataza kunisimulia. Najua nilitumia neno mchawi, na najua nililisema geti likiwa wazi. Mji huu mgeni akiitwa jina lile barabarani, wanaokuja hawaulizi maswali. Nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo. Vijana walikuwa wameshaanza kusimama nje. Mwenye nyumba akaja, akamwambia Fundi aondoke kabla jua halijatua, kwa usalama wake na wa nyumba.

Aliondoka na mashine kwenye kitoroli cha mtu. Bati la biskuti alilibeba. Ramani aliiacha ukutani, sijui kwa kusahau au kwa haraka. Alipopanda zile ngazi saba akitoka, kule juu alisimama, akageuka nyuma, mkono wa kushoto nje kidogo. Watu wakasema anatuloga. Mimi nilijua anafanya nini, na nilinyamaza.

Aisha alikuwa dirishani. Aliniuliza kwa Kiingereza Fundi anakwenda wapi. Nikamwambia nyamaza.

Baada ya mwezi mwenye nyumba alinipa chumba cha uani, kwa sababu hakuna aliyekitaka na mimi nilikuwa nalalamikia ukungu. Ni chumba kikavu, kina dirisha. Kliniki nako nikapata daktari mwingine, binti mdogo, akaniuliza pampu ya kahawia iko wapi, ile ya kutumia kila siku hata kama hajabanwa. Sikuwahi kupewa. Akanipa. Tangu hapo Aisha hajalazwa. Najua ni pampu. Najua ni chumba. Nina akili zangu, nilimaliza kidato cha nne.

Lakini nililala chini ya ramani ile. Nilitaka kuibandua na kila nilipoishika kona niliiachia. Na Jumamosi binti yangu aliwakusanya wenzake, akawapa vipande vya gazeti getini, akawatembeza. Tangi. Ushoroba. Gereji. Nilimsikia kwa dirisha, sauti yake nzima, haikatiki: leo ngome imefungwa. Na chini ya ngazi wote wakanyamaza na kusubiri. Nilikuwa nahesabu pumzi zao nikiwa ndani. Siku nyingine kimya kile kilizidi kidogo, na mimi nikajikuta nimesogea pembeni mlangoni, kama kuna mtu anataka kupita.

Yule Mkenya alikuja kabla ya Krismasi. Kijana wa miraba minne, suti kwenye mkono.

"Huyu mzee ako wapi? Nimepiga simu hashiki."

"Amehama."

"Na mimi nimemletea kitu yake." Akatoa simu. "Alikuwa ameniomba nipitie huko. Nilikuwa na weekend free, nikachukua basi. Aliniambia nilowanishe kwa maji, nifunge tawi la chini, upande wa maji, basi. Hata haikuwa noma."

Ilikuwa picha ya mti mfupi wenye miiba, umejaa matambara. Mamia. Mengine yamekuwa kama utando, mengine nyuzi tu. Na kwenye tawi la chini, pamba ya njano, mbichi, inadondosha maji. Gauni la mwanangu. Nikaomba anitumie. Kisha, sijui kwa nini, nikamuuliza kama aliingia kwenye ngome.

"Niliingia. Hakuna kitu, sista. Ngazi, chumba empty, halafu kaduka ka kuuza vitambaa vya kupangusia vyombo."

Kwa hiyo kila alichosema Fundi uwanjani kilikuwa kweli. Niliposimama pale getini na picha mkononi nilijua. Na sikumtafuta. Nataka hilo lieleweke. Mwaka mzima na zaidi picha ikakaa kwenye simu, nikipitia Mayfair kila siku, na sikuuliza mtu hata mmoja.

Mwaka 2019 bosi wangu alinituma nipeleke jora la kitambaa cheupe kwa mzee anayeshona kanzu nyuma ya msikiti, mitaa miwili tu kutoka dukani. Nikaingia ushoroba mwembamba, nikasikia mashine kabla sijaiona. Nikaijua.

Alikuwa amepungua. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Wembe upo mdomoni. Aliniona, akaendelea mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Mama Aisha."

"Fundi."

"Mutoto anapumua?"

Hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine yote.

"Anapumua. Hajalazwa tangu hapo. Ni pampu mpya," nikasema haraka.

"Sawa. Iwe pampu."

Nikaweka jora mezani. Hakunipa kiti, kwa sababu kilikuwa kimoja. Nikamuuliza kwa nini hakuniomba kwanza, kabla ya kukata.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Voilà."

Nikatoa simu. Nilitaka aone kuwa picha ninayo, nilitaka aanze kunitukana tulimalize. Nikamwambia Mkenya alifika, alikifunga, na ngome alikuta imefunguliwa. Akaniuliza ndani iko nini. Nikamwambia ngazi, chumba kitupu, na duka la vitambaa vya jikoni. Fundi alicheka mpaka akatoa wembe mdomoni.

"Ile yote," alisema. "Ile ukuta yote, juu ya kulinda vitambaa vya vyombo."

Nikampa simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ile njano ikajaa kioo. Akaangalia kingo, jinsi zilivyokuwa tayari zinachomoka nyuzi. Akaridhika. Na mimi, kwa kuwa siwezi kunyamaza mahali pa kunyamaza, na kwa kuwa nauza vitambaa, nikanyoosha kidole kwenye kitambaa cha jirani yake, tawi hilohilo, cha bluu chenye maua meupe, kinang'aa kama kimetoka dukani.

"Hiki kimefungwa juzijuzi," nikasema. "Tena aliyekifunga hajui. Hiyo ni tetroni, haiozi leo wala kesho. Na kakitia pindo pande zote nne."

Mashine ilikuwa imesimama, na mguu wa Fundi ulikuwa bado juu ya kikanyagio.

"Siyo ya juzi," alisema. "Ni sketi ya bibi yangu."

Akanieleza akiwa anaitazama simu. Bibi yake, yaani mkewe, aliugua figo kule hotelini. Walitembea mji ule wote wawili, yeye mbele, mkewe nyuma, na kwenye daraja alimngoja. Bibi mmoja aliyeuza mayai sokoni akawaambia habari za mti, kwamba ukate nguo ya mgonjwa, uilowanishe, uifunge. Kiingereza chao kilikuwa kidogo, walielewa hapo tu. Kwa hiyo akachukua sketi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo mkewe, akaomba sindano, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akashona. Alishona usiku kucha kipande kimoja. Pindo pande zote nne, mshono wa karibukaribu, isichomoke hata uzi. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Kila wiki nilienda kuangalia. Vya watu vinachakaa, vinaanguka. Chetu kiko vilevile. Narudi namwambia, mama, bado kinang'aa. Anafurahi. Miye pia."

Baada ya mazishi ndipo yule bibi wa mayai alipomwambia sehemu iliyobaki. Ugonjwa unatoka kadiri kitambaa kinavyooza. Kikiisha, umekwisha.

Nilimwambia, kwa sauti kali kuliko nilivyotaka, "Fundi, ilikuwa figo. Hakuna kitambaa kinachotibu figo."

"Najua. Na yako ilikuwa pampu."

Akaivuta ile bluu karibu zaidi. Alikagua kona moja, akahamia nyingine, zote nne, kama anavyokagua kazi kabla mteja hajaja kuchukua.

"Halijafumuka," alisema. "Hata uzi moja."

Sikujua kama analia au anajisifu. Nadhani na yeye hakujua. Nilikuwa nimekuja na neno la kuomba radhi, nimelibeba mwaka mzima na zaidi, na pale lilikuwa dogo mno, sikuona pa kuliweka.

"Ule Mukenya," akasema, "atarudia kule?"

"Anasema wanamtuma kila mwaka."

Akachukua ile nusu ya wembe, akaifuta kwa shati, akaifunga upya kwa kitambaa cha pamba mpaka makali yasionekane. Akaiweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole juu yake.

"Asiingie nayo ndani ya ndege, aweke kwa sanduku. Na asikitoe pale, ya mtu haitolewi. Umwambie akate uzi wa pindo tu. Upande moja inatosha. Upepo utafanya ile ingine."

"Nitampa mwenyewe mkononi," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, akavuta kile kitambaa cheupe cha kanzu, na akaanza kutafuta mdomoni wembe ambao haukuwepo.